Mpishi Asiyeona na Jiko Lisemalo

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliishi nyumba moja na mwanafunzi asiyeona, ambaye alikuwa hodari wa jikoni kuliko sisi sote. Alijua kwa harufu kwamba vitunguu vimeiva, na kwa mlio wa sufuria kwamba wali umekauka maji. Siku moja mwenye nyumba aliondoa jiko la zamani, lenye swichi za kuzungusha, akaweka jipya lenye uso wa kioo kitupu. Tangu hapo mwenzetu hakuweza hata kuchemsha chai pasipo kumwita mtu. Macho yake yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni jiko. Makala haya yanakusudia kueleza kisa hicho kisayansi, na jinsi simu ya mkononi inavyoweza kuipunguza taabu hiyo, au kuizidisha.

Sikio nalo hupima

Wengi hudhani kwamba asiyeona hupika kwa kubahatisha. Sivyo hata kidogo. Mwanafunzi na afumbe macho, amimine maji polepole katika chombo kirefu kilichonyooka, asikilize. Mlio utapanda kadiri chombo kinavyojaa. Sababu ni kwamba hewa iliyobaki juu ya maji hutetemeka, na kadiri safu ya hewa hiyo inavyofupika ndivyo mitetemo inavyoongezeka kasi. Urefu wa wimbi ni takriban mara nne ya urefu wa safu. Kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, safu ya sentimita 17 hutoa mitetemo 500 hivi kwa sekunde, na safu ya sentimita 8.5 hutoa 1,000. Mpishi asiyeona hutumia kanuni hii kila ajazapo kikombe.

Kioo kilicho bubu

Swichi ya kuzungusha huueleza mkono mambo yote: mahali ilipo, na kiasi ilichofunguliwa. Jiko la kioo halina ulimi huo. Chini ya kioo chake pana vipande vyembamba vya metali vyenye chaji ya umeme. Kidole, kwa kuwa hupitisha umeme, kikikaribia hubadilisha uwezo wa vipande hivyo kuhifadhi chaji, na kompyuta ndogo iliyomo hulihesabu badiliko hilo kuwa amri.

Hapo ndipo penye tatizo. Kwa mwenye kuona, kutafuta kitufe ni kazi ya jicho, na kukigusa ni kazi ya kidole. Kwa asiyeona kazi zote mbili ni za kidole. Naye anapokuwa bado anatafuta, jiko huhesabu kwamba amekwisha amuru.

Simu kama mkalimani

Simu za kisasa nazo ni kioo kitupu, lakini tatizo hili lilipatiwa dawa. Mwaka 2009 simu ya iPhone 3GS ilitolewa ikiwa na kisoma-skrini kiitwacho VoiceOver. Mwaka huo huo simu za Android zikapata TalkBack. Kanuni yake ni kutenga kutafuta na kuamuru: mguso mmoja huifanya simu itaje kitu kilicho chini ya kidole, na miguso miwili ya haraka ndiyo hutoa amri.

Sasa tuchukue sufuria ya presha ya umeme inayounganishwa na simu. Chini yake pana kihisio cha joto, aghalabu cha aina ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Kompyuta ndogo husoma ukinzani huo, ikaugeuza kuwa nyuzi za joto, kisha ikazipeleka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye simu. Simu nayo huzisoma kwa sauti. Amri hurudi kwa njia hiyo hiyo, na kioo cha sufuria hakiguswi tena.

Mapungufu yake

Hata hivyo, mkalimani huyu ana masharti. Kwanza, kisoma-skrini hutegemea maandishi kuliko picha. Mtengeneza programu akiweka picha ya moto bila kuipa jina, mara nyingi asiyeona husikia tu neno "kitufe", na ni vigumu kwake kujua kama kinawasha au kinazima. Pili, programu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ikiyasoma maneno hayo huyatamka kwa kufuata herufi zake, hata yasieleweke. Tatu, vyombo vingi hupitisha amri katika kompyuta za kampuni zilizo mbali. Intaneti ikikatika, au kampuni ikifunga huduma, jiko hurudia ububu wake. Kanuni za pamoja ziitwazo Matter, zilizotolewa mwaka 2022 na kupanuliwa mwaka 2024 hata zikahusu oveni na majiko, huruhusu chombo na simu kuwasiliana humo humo nyumbani.

Kwa sababu hizo haifai simu iwe mlango pekee wa jiko. Swichi ya kuzimia yapasa kuwa ya kushikika daima, kwani moto haungoji mtandao.

Sisi wenzake tulibandika vipande vya plasta pembezoni mwa kioo, kimoja upande wa kuwashia na kingine upande wa kuzimia. Kwa plasta hizo alirudishiwa nusu ya jiko lake, ingawa mtengenezaji angaliweza kumpa lote tangu awali kwa gharama ndogo. Baadhi ya wanafunzi wasomao makala haya watakuja kuwa wahandisi na waandishi wa programu. Kabla ya kukitoa chombo chochote, na wafumbe macho, wajaribu kukizima.