Mafuta ya Taa na Petroli Ndani ya Nyumba Zetu



Unguja ilikaa bila ya umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Katika miezi ile waliojiweza walinunua majenereta, na pamoja na jenereta likaja dumu la petroli. Umeme ulirudi, lakini katika nyumba nyingi dumu halikutoka. Lipo chini ya ngazi, ukumbini, au uvunguni mwa kitanda; likiwa si la jenereta basi ni la bodaboda au la mashine ya boti. Na jikoni bado kuna mafuta ya taa. Tumeona tuyaeleze haya mawili, kwa sababu wengi wetu tunayaweka kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa joto la pwani, basi, hakuna saa ambayo petroli haiko tayari kuwaka. Tena kinachowaka ni huo mvuke, wala hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupandi juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango mpaka ukakuta jiko au koroboi. Ukishika, moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye dumu. Ndiyo maana kauli ya "dumu lilikuwa mbali na moto" haitoshi ikiwa vyote viwili vimo ndani ya nyumba moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chombo kilichokuwa na petroli ni ya hatari. Petroli kidogo tu huyafanya yawake upesi, na jiko la utambi au kandili likaripuka mkononi. Mkisikia harufu ya petroli katika mafuta ya taa, msiyatumie. Na jiko lisijazwe mafuta likiwa linawaka au bado la moto. Lizimwe, lipoe kwanza.

Tunakuja kwenye chupa. Hapa tunawasema wakubwa, maana mtoto hana kosa. Mafuta ya taa meupe yakiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa hayatambulikani kwa macho. Mtoto amerudi chuoni na kiu yake, anapiga funda moja. Mzazi kwa huruma humtapisha au humnywesha maziwa. Asifanye hivyo! Madhara makubwa ya mafuta haya ni pale yanapoingia mapafuni, na kutapika huyapa nafasi ya pili ya kuingia. Maziwa nayo huweza kumtapisha. Mvueni nguo zilizorowa, muosheni ngozi kwa sabuni na maji, mpelekeni hospitali pamoja na ile chupa, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na pumzi za shida huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Na nyinyi vijana mnaonyonya petroli kwa mpira ili kuihamisha, nanyi mmo katika hatari hii hii ya mapafu.

Petroli iwekwe nje ya nyumba wanamolala watu, kivulini, penye kufungwa kwa ufunguo, katika dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta na lenye kifuniko cha kukaza. Lisijazwe hadi mdomoni, kwani mafuta hutanuka kwa joto. Iwekwe kidogo, ya kutumia siku chache. Kituoni, dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya pikipiki.

Amepokea Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), katika Bukhari na Muslim, habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wakiwamo. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari yao aliuita moto kuwa ni adui, na akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Koroboi inayoachwa iwake hadi alfajiri kwa sababu watoto wanaogopa giza imo katika hukumu hiyo. Taa ndogo ya sola inatosha, na bei yake si kubwa.

Mafuta yakishika moto msiyamwagie maji. Mafuta huelea, na maji huyasambaza. Mwageni mchanga, au funikeni kwa blanketi zito lililoroweshwa. Moto ukishakuwa mkubwa, tokeni nyote. Nguo ikiwaka, mtu asikimbie, ajilaze na ajibiringishe. Palipoungua pamwagiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno wala yai, kisha apelekwe hospitali akiwa amefunikwa kitambaa safi.