Sabuni ya mwani ipo, mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka yuko wapi?

Maji yanapotoka wakati wa bamvua, wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, hushuka pwani wakiwa na kamba begani. Wenzao wa Kibuyuni na Mkwiro, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, hushuka na maji hayo hayo. Kazi ni moja pande zote mbili: kupigilia mambo mchangani, kufunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa tai-tai, kuondoa takataka za bahari, kisha kungoja wiki sita hivi hadi kuvuna.

Soko nalo ni moja. Mwani hukaushwa, hujazwa kwenye magunia, hupimwa kwa kilo na kusafirishwa hadi viwanda vya mbali. Huko hutolewa karajinani, utomvu unaoipa uzito dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Bidhaa hizo hurudi kwenye maduka ya Tanga na Mombasa kwa bei ambayo mkulima wa mwani haitambui.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivyo vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Baadaye kikaenea Pemba na Tanzania Bara. Kenya ilichelewa kwa takriban miaka 20, na Kibuyuni, kijiji kilicho jirani na Shimoni, ni miongoni mwa vilivyotangulia. Zanzibar peke yake sasa husafirisha nje zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka, na wanawake ni zaidi ya robo tatu ya wakulima. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa kamba hizo.

Hata hivyo, anayepanga bei si mwenye kamba. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba kampuni inayonunua ndiyo inayotoa kamba na tai-tai, na mkulima humuuzia aliyempa vifaa. Mnunuzi akiwa mmoja kijijini, hakuna mnada. Mwani ukikauka lazima uuzwe, kwa sababu mvua ikiunyeshea gunia zima linaharibika, na kilo saba au zaidi za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo moja tu ya mkavu. Mtu aliyeinama majini saa tatu nzima hana nguvu ya kubishana na mizani.

Bahari nayo imebadilika. Aina ya mwani inayopendwa sana na viwanda, wanayoiita kotonii, hupata bei kubwa kuliko spinosamu, mara nyingi karibu maradufu. Lakini kotonii haivumilii joto. Maji yakipata moto kwenye kina kifupi, matawi huwa meupe, hulainika na kukatika, na katika maeneo mengi ya Unguja wakulima wamebaki na spinosamu. Dawa mojawapo ni kuhamia kina kirefu chenye maji ya baridi zaidi. Huko panahitaji mashua na kujua kuogelea, mambo mawili ambayo wanawake wengi wa pwani hawakupewa nafasi nayo.

Hapo ndipo sabuni ilipoingia. Kuanzia mwaka 2006, chini ya mpango wa kongano la mwani Zanzibar ulioanzishwa na mtafiti Dkt. Flower Msuya, vikundi vya wanawake vilifundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni, unga na krimu. Kidoti, kaskazini mwa Unguja, ni miongoni mwa vijiji vilivyoanza mapema. Upande wa Kwale, Kibuyuni nako wanatengeneza sabuni na shampuu.

Ni vizuri kusema wazi: sabuni haiwezi kumaliza mwani wa kijiji. Kiganja cha unga kinatosha vipande vingi, kwa hiyo magunia yataendelea kumngoja mnunuzi wa jumla. Inachofanya sabuni ni kumpa mwanamke fedha kati ya mavuno na mavuno, ili gunia lisiuzwe kwa bei ya dhiki.

Kwa sasa, sehemu kubwa ya sabuni hiyo huuzwa kwa watalii na kwenye maonyesho. Mtalii hununua moja akaondoka. Mchuuzi anayevuka Horohoro na Lunga Lunga kila wiki ndiye anayeweza kununua katoni na kurudi tena, na wateja wake wa saluni na maduka ya vipodozi wapo tayari. Kinachomzuia mara nyingi ni hofu ya forodha.

Hofu hiyo ina dawa yake. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi za Afrika Mashariki, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa mzigo, na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, huvuka kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa. Cheti hujazwa mpakani na hakilipiwi. Anayedai fedha ya fomu hiyo anajitafutia. Lakini cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi za ndani za nchi unayoingia zinaweza kubaki, na masharti ya afya na ubora yanabaki palepale. Orodha iangaliwe kabla ya kufunga mzigo, na kikundi kiandike malighafi zake: mafuta ya nazi ya hapa, mwani wa hapa, lakini kostiki soda mara nyingi ni ya kutoka nje, na ofisa ana haki ya kuuliza.

Pingamizi kubwa zaidi ni alama ya ubora. Kwa taratibu za Jumuiya, alama iliyotolewa na shirika la viwango la nchi mwanachama, iwe TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya, inapaswa kutambuliwa kwa jirani bila kupimwa upya. Vikundi vingi vidogo havina alama hiyo hata nyumbani, kwa kuwa inahitaji chumba maalumu cha kazi, vipimo na lebo inayosomeka. Sabuni iliyofungwa kwa karatasi isiyo na tarehe inauzika ufukweni, ila mpakani inakamatwa. Mfanyabiashara anayetaka mzigo wa kudumu atafaidika zaidi akikisaidia kikundi kimoja kupata alama kuliko akizunguka vijiji kumi kuokota katoni moja moja, kisha akizipitisha kwa njia za panya upande wa Jasini na Vanga.

Na mali kauli haifai huku. Mafuta ya nazi hununuliwa taslimu, na kikundi kilichotoa mzigo kwa ahadi kinaweza kukaa miezi bila mtaji wa kupika tena. Sabuni ya aina hii huachwa ikomae wiki nne hivi kabla ya kufungwa. Anayetaka mzigo wa kuuza Ramadhani aagize miezi miwili kabla, aache nusu ya fedha, na achukue risiti.