Ufinyanzi wa Saa za Mapumziko: Gilgil Udongo Upo, Moto Je?

Wahenga walinena, "Udongo uwahi ungali maji." Neno hilo ni la kweli kwa kila mwenye kufinyanga, lakini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ya moto, na huko ndiko wengi waanzao ufinyanzi kwa kujifurahisha hukwama. Udongo waweza kupatikana kando ya mto, na mikono kila mtu anayo. Bali tanuri haimo katika kila nyumba. Na chungu kisichochomwa, hata kikiwa kizuri namna gani, hurudi kuwa tope siku kinapotiwa maji.

Kwa watu wa Gilgil ufinyanzi si jambo geni. Katika sehemu za kati za Bonde la Ufa kumechimbuliwa vigae vya aina iitwayo Nderit, kwa jina la mto ulio karibu na Nakuru. Wafugaji wa kale walifinyanga vyombo hivyo maelfu ya miaka iliyopita, wakavipamba kwa alama zilizosongamana mithili ya ususi wa kikapu. Miongoni mwa Wagikuyu nako, kufinyanga vyungu ilikuwa kazi ya wanawake, nao walivichoma uwanjani. Basi kukosa tanuri ya matofali si sababu ya mtu kutoanza.

Moto wa uwanjani hutaka subira kuliko kuni. Kwanza udongo huchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, ili joto lisiupasue. Chombo kikiisha kufinyangwa huanikwa kivulini siku nyingi, mbali na upepo, kwa maana upande mmoja ukikauka upesi kuliko mwingine hupata ufa. Siku ya kuchoma, huwekwa karibu na makaa kwa saa kadhaa mpaka kiishe unyevu wote. Maji yakibaki ndani hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hukipasua chombo kwa kishindo, na vipande vyake huvunja vya jirani. Hivyo haraka ya mtu mmoja yaweza kuharibu kazi ya majuma mengi ya wenzake.

Kisha vyombo hupangwa juu ya kuni, hufunikwa kwa samadi kavu ya ng'ombe, magunzi na nyasi, na juu yake huwekwa vigae vikubwa vya kukinga upepo. Mkulima anavyo vitu hivyo shambani kwake. Moto wa namna hii kwa kawaida hufika kati ya digrii 600 na 900 za sentigredi. Ufikapo kama digrii 600, udongo huwa umeacha hata yale maji yaliyofungamana nao, wala hauwezi tena kurudi kuwa tope.

Lakini moto huo hautoshi kwa kila kitu. Chombo cha kupakwa rangi ing'aayo kama kioo, isiyopitisha maji, kwa kawaida hutaka digrii 1,000 au zaidi, na vyombo vigumu sana hutaka zaidi ya 1,200. Hapo ndipo tanuri inapotakiwa. Tanuri ya umeme hupendeza, ila bei yake si ya mshahara wa karani, na zilizo nyingi hula nguvu kuliko ile itokayo kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani.

Je, asiye na tanuri afanye nini? Njia ya kwanza ni kuwaendea wachoma matofali. Katika rundo la matofali yanayochomwa, vyungu vichache vilivyokauka sawasawa huweza kupangwa katikati kwa idhini ya mwenyewe. Njia ya pili ni kuwatafuta watengenezaji wa majiko ya makaa yenye udongo ndani, yale yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo ule nao hauwi tayari mpaka uchomwe. Njia ya tatu ni kuviandikia barua vyuo vinavyofundisha sanaa hii, kama Chuo Kikuu cha Kenyatta, au wafinyanzi wenye tanuri zao, na kuuliza kama wanaweza kuchoma kazi ya mtu wa nje, na kwa malipo gani.

Mwenye kuomba moto wa mwenziwe yampasa aseme wazi mambo mawili: udongo wake ni wa namna gani, na umepata kustahimili digrii ngapi. Udongo wa mtoni uliozoea moto mdogo, ukitiwa katika joto la digrii 1,200, waweza kuyeyuka na kuharibu rafu za tanuri pamoja na kazi za wengine. Tena, chombo kibichi huvunjika njiani kama biskuti. Ni vema kukichoma kwanza nyumbani kwa moto wa uwanjani, ndipo kifungwe kwa nyasi na kupandishwa gari.

Iliyo bora zaidi ni watu kadhaa kujenga tanuri moja ya kuni kwa ushirika, na hapa Gilgil ina bahati yake. Karibu nayo, huko Kariandusi, ndiko yaliko machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na maganda ya vijimea vidogo mno vilivyoishi katika ziwa la kale. Umejaa vitundu vya hewa, kwa hiyo joto hupita ndani yake polepole. Haufai kuelekezwa kwenye ndimi za moto mkali. Huwekwa nyuma ya matofali yanayostahimili moto, ili joto lisipotee na kuni zisiliwe bure. Ni mali ya wenye machimbo, basi hununuliwa. Vumbi lake, kama lile la udongo mkavu, hudhuru mapafu; mfanya kazi na afunike pua na mdomo, na sakafu isafishwe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio.

Ushirika huo una kazi kwa kila mmoja. Mkulima ataleta kuni na magunzi. Karani atashika daftari, akiandika siku, udongo, saa za moto na vyombo vilivyopasuka. Daftari hiyo ndiyo itakayowafundisha, maana mtu husahau, bali wino hausahau.

Wala asidhani mtu kwamba hawezi kwa kuwa hana gurudumu la kufinyangia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikaa Abuja, Nigeria, mwaka 1974 na 1975 akijifunza kwa wafinyanzi wa huko. Mitungi yake huijenga kwa mkono, huisugua mpaka ing'ae, kisha huichoma. Moto wenye hewa nyingi huipa wekundu, na uliokosa hewa huipa weusi. Kazi zake zimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Husemwa kwamba mfinyanzi hulia gaeni, kwa kuwa vyungu vyake vizuri huenda kwa wengine. Afinyangaye kwa kujifurahisha hana haja ya kula gaeni. Lakini asipojifunza kuungojea moto, na kuushiriki pamoja na wenziwe, hata hilo gae hatakuwa nalo.