Madigadi Yasiyotoka Kiwandani

Ukiinua pikapu na kuivalisha matairi makubwa, kitu cha kwanza kugoma ni madigadi. Injini itavumilia, giaboksi italalamika kidogo, lakini siku utakapokata kona huku tairi moja limezama shimoni, utasikia mpira ukikwangua bati. Wateja wangu wengi huanzia hapo. Wanaingia gerejini hapa Muyinga, Burundi, na Hilux iliyopandishwa, tairi la mbele limemenyeka ukingoni, na swali lao ni lile lile: "Fundi, tukate bati?"

Kukata tunakata. Shida ni kwamba bati likishakatwa, tairi hubaki wazi, na tairi lililo wazi ni adui wa watu wa barabarani. Aliyewahi kupita njia ya Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi anajua baiskeli tunazopishana nazo, zimebeba mikungu ya ndizi, mkaa, hata mbao. Jiwe likirushwa na tairi pana, anayelipata ni yule wa baiskeli, na dereva hana habari. Matope nayo hupanda hadi kioo cha mlango. Kwa hiyo yanahitajika madigadi mapya, mapana zaidi ya yale ya mwanzo, na madigadi hayo hakuna duka linaloyauza mjini kwetu. Toyota haikuyatengeneza kwa ajili ya tairi hilo, na yanayoagizwa ng'ambo mara nyingi yamekatwa kwa kipimo cha magari mapya, si Hilux iliyokula chumvi nyingi.

Ndiyo maana natumia faiba.

Ilitoka majini

Faiba niliijulia Mwanza, Tanzania, si kwenye magari bali kwenye boti. Warundi wengi wa rika langu tuliishi upande wa pili wa mpaka miaka ya vita, na kila mmoja alirudi na alichojifunza. Mimi nilirudi na harufu ya resini kwenye nguo. Anayejua kuunda boti ya faiba hapati tabu na gari, maana kazi ni ile ile: unatengeneza umbo la nje kwanza, kisha unalijaza nyuzi za kioo na resini.

Historia ya kitu hiki nayo ilipita njia hiyo. Nyuzi zenyewe zilipatikana kwa bahati Marekani mwaka 1932, pale kijana mtafiti wa kampuni ya Owens-Illinois, Dale Kleist, alipokuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kunyunyizia kioo kilichoyeyuka. Hewa ya shinikizo ikakigeuza kioo kuwa nyuzi nyembamba. Mwaka 1938 ikaundwa Owens Corning kwa ajili ya biashara hiyo. Mwaka 1953 Chevrolet ikatoa Corvette yenye bodi ya faiba, magari 300 tu mwaka ule wa kwanza.

Ila mtu ambaye mafundi wa gari za porini tunamheshimu zaidi ni Bruce Meyers wa California. Alikuwa muunda boti. Mwaka 1964 alichukua ujuzi wa boti akaunda kigari cha mchangani, Meyers Manx, chenye bodi ya faiba na vyuma vya Volkswagen Beetle. Mwaka 1967 Manx ilishinda mashindano ya kwanza ya jangwa la Baja, Mexico, yale yaliyokuja kuitwa Baja 1000. Baada ya hapo watu wakamwiga kwa wingi. Alikwenda mahakamani kutetea hataza yake akashindwa. Kisa hicho wateja wangu nawasimulia kwa makusudi, na sababu yake nitaieleza mwishoni.

Tairi ndilo linalochora

Mteja mmoja, mzee anayekusanya maharagwe na mahindi kwenye vilima vya upande wa mto Ruvubu, aliniletea Hilux yenye matairi ya inchi 33. Tairi la kawaida la gari lile ni kama inchi 30 na nusu. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo: tairi jipya limepanda sentimita 3 tu juu ya ekseli. Lakini rimu zake zilitokeza nje, na tairi linalotokeza linapokatwa kona huzunguka eneo kubwa kuliko jicho linavyokadiria.

Kwa hiyo sichori madigadi kwa macho. Natoa springi, naweka jeki chini ya tairi, napandisha mpaka ekseli igonge raba ya kusimamisha. Hapo tairi limefika juu kabisa, mahali litakapofika gari likitumbukia korongoni. Msaidizi anazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, nami nafuata ukingo wa tairi kwa chaki. Mstari ule wa chaki ndio mpaka. Naongeza sentimita 4 za matope, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa hunata kwenye tairi na kulinenepesha, kisha ndipo nakata bati.

Kazi iko kwenye kalibu

Watu hudhani kazi ya faiba ni kumimina resini. Kumimina ni sehemu fupi kuliko zote. Kazi yenyewe ni mfano na kalibu.

Mfano ni madigadi ya uongo. Naujenga juu ya gari lenyewe kwa vipande vya mbao, waya na fomu, nafunika kwa plasta, napaka fila, kisha msasa. Uangalifu unahitajika kwenye fomu: ile nyeupe inayokuja kwenye katoni za televisheni ikiguswa na resini huyeyuka ukaitazama, kwa hiyo lazima ifunikwe vizuri kwanza. Plasta nayo ikauke kabisa na kupakwa vanishi, maana resini na maji havipatani.

Halafu msasa, na msasa tena. Naanza na namba 80, nashuka hadi 1000. Mteja akipita na kuona bado nasugua kitu ambacho hakitapanda barabarani, hukunja uso. Lakini kalibu hunakili kila kitu. Ukiacha mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye mfano, utaukuta kwenye kalibu, na kila madigadi yatakayotoka humo yatakuwa nao.

Mfano ukishang'aa, napaka nta tabaka baada ya tabaka, nikiacha kila moja ikauke na kuifuta, kisha utando mwembamba wa kuzuia kunata. Juu yake naweka faiba nene. Ikiganda na kubanduliwa, hiyo ndiyo kalibu: umbo la madigadi lililogeuzwa ndani nje. Mahali ambapo ukingo unajikunja kwa ndani, kalibu lazima igawanywe vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, la sivyo madigadi yataingia na hayatatoka.

Hapa ndipo yule mzee aliponishika.

"Fundi, mbona kwenye bei umeandika kalibu mbili za mbele? Si umbo moja?"

"Mzee, ya kushoto haizai ya kulia."

"Si uigeuze tu?"

"Nikiigeuza, mbele inakuwa nyuma."

Akaenda garini, akanyoosha mkono juu ya tairi moja, kisha la pili, akarudi akicheka. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayewaeleza wenzake bei.

Resini haina saa ya ukutani

Madebe ya resini hutufikia kutoka Dar es Salaam, yakivuka mpaka Kabanga na Kobero. Resini ya poliesta peke yake ni kama asali nyepesi. Haigandi mpaka utie hadina, ambayo ni peroksaidi, kwa kipimo cha asilimia 1 hadi 2: gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Dar es Salaam kuna joto, asilimia 1 inatosha. Muyinga tuko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi ya kiangazi, Juni na Julai, baridi inauma. Chini ya nyuzi 15 resini hulegea, inabaki inanata mpaka jioni. Wapo wanaotatua kwa kumwaga hadina nyingi, na madigadi yao yanakuwa makavu kama biskuti. Mimi naianika kalibu juani kwanza, na kazi naianza saa nne jua likishapanda. Jiko la mkaa halikanyagi ndani ya chumba changu: mvuke wa resini hushika moto.

Tabaka la kwanza ni jelikoti, ngozi ya nje, unene wa nusu milimita hivi. Nasubiri mpaka nikiigusa kwa kidole inanata lakini haiachi rangi kidoleni. Ikifika hapo nalaza mkeka wa nyuzi za kioo. Naanza na ule mwepesi, gramu 300 kwa mita mraba, kwa sababu unakubali kuingia kwenye kona. Kisha ule wa gramu 450.

Mkeka mkavu ni mweupe kama pamba. Ukiupiga resini kwa brashi, weupe unaanza kupotea, unageuka kama kioo chenye ukungu, mpaka unaiona rangi ya jelikoti chini yake. Panapobaki doa jeupe kuna hewa, na penye hewa ndipo patakapopasuka. Natumia rola ya chuma yenye mifereji, naisukuma kutoka katikati kwenda ukingoni, na viputo vinakimbia mbele yake vikitoa mlio mdogo wa kupasuka. Rola hailazimishwi, ukiikandamiza inaburuta mkeka na kuacha sehemu ikiwa nyembamba.

Resini inayobaki kwenye kopo ni ya kuangaliwa. Inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja hupanda mpaka inafuka moshi na kupasua kopo. Tunaimwaga ikiwa nyembamba juu ya mchanga nje. Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani havui mtu. Na anayenunua kobalti ya kuharakisha resini ajue hili: kobalti na hadina havikutanishwi peke yao hata tone, hulipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa ipotee, ndipo hadina ifuate.

Si wepesi unaoununua

Wauzaji husifu faiba kwa wepesi. Tupige hesabu. Mikeka mitatu ya gramu 450 pamoja na resini yake hutoa unene wa kama milimita 3, na mita mraba moja ina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Bati la milimita 0.8 lina kilo 6 na robo hivi kwa mita mraba. Kwa madigadi yote manne unaokoa kilo chache tu. Mfuko mmoja wa maharagwe ya yule mzee unaimeza akiba hiyo mara kadhaa.

Unachonunua ni umbo. Kiwanda kinachokandamiza bati kinahitaji mashine kubwa na kalibu za chuma ambazo hazilipi mpaka utoe maelfu ya vipande. Mimi nahitaji chumba chenye hewa, mbao, msasa na subira, na naweza kutoa kipande kimoja kwa gari moja. Tena faiba haishiki kutu. Ikipasuka, unasugua upande wa nyuma mpaka ufa uonekane kama bonde pana, unalaza mikeka mipya, na hata wewe mwenyewe njiani unaweza kuifanya kazi hiyo.

Mipaka ipo. Bati likigongwa hujikunja na gari linaendelea, faiba hupasuka. Isibebeshwe mzigo. Bampa la kufungia winchi, ngazi ya kupandia, ndoano ya kuvutia, vyote vibaki chuma na vishikwe na chesisi. Bolti za madigadi zitiwe washa pana na zikazwe kwa kiasi. Ukikaza kama unafunga rimu, unaivunja kabla ya kutoka gerejini.

Kabla hujalipa

Ukitaka kumpima fundi wa faiba, usitazame rangi. Geuza kipande utazame nyuma yake. Ukiona madoa meupe, nyuzi kavu zilizosimama au mabwawa ya resini iliyoganda bila mkeka, mrudishie. Gonga kwa kucha ukitembeza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: sauti ikibadilika kuwa ya utupu, tabaka hazijashikana. Nusa pia. Harufu kali inayobaki wiki kadhaa baadaye ni dalili ya resini ambayo haikuiva.

Kisha uliza kalibu ni ya nani. Kilichompata Meyers kinaweza kutokea gereji yoyote: anayepata madigadi yako anaweza kuyafanya mfano, akatoa kalibu yake, na akauza umbo ambalo wewe uligharamia. Kwangu mteja aliyelipia kalibu huondoka nayo, au huiacha kwangu kwa maandishi kwamba ni yake na sitamtolea mwingine bila ruhusa. Wale walio tayari kuigawana na wenzao nawapunguzia bei.

Kwa mteja wa vilima hili lina maana zaidi ya umiliki. Kipande cha kwanza ndicho ghali, maana ndani yake mna mfano na msasa wote ule. Akigonga kisiki huko Ruvubu na madigadi yakavunjika yasitengenezeke, haanzi upya: anachohitaji ni mikeka, resini, jua la saa nne na fundi yeyote mwenye subira, kwa sababu kalibu tayari anayo.