Fom ni Sagana? Si lazima upitie kila wimbi

FOM ya wikendi ni Sagana? Poa. Ila kabla hujatuma chapaa ya boti kwenye grupu, soma hapa kwanza, hasa kama hujawahi kushika kasia na maji mengi uliyowahi kuingia ni ya karai.

Sagana iko takriban kilomita 100 kutoka Nairobi, na matatu za Karatina hupitia hapo. Mto wenyewe ni Tana, mrefu kuliko yote nchini. Boti ni ya mpira, imejazwa upepo. Mnakaa pembeni mkipiga kasia, kiongozi yuko nyuma akitoa amri.

Maji ya kasi hupimwa kwa gredi, 1 hadi 6. Gredi ya 1 ni maji yanayotiririka tu. Ya 2 ina mawimbi madogo na njia iliyo wazi. Hapo ndipo mgeni anafaa kuanzia. Ya 3 itakulowesha na inaweza kukurusha nje. Ya 4 na 5 ni maji makali kabisa, nayo ya 6 karibu haipitiki.

Sasa, Tana ya Sagana ina tabia tatu. Inaanza na mawimbi ya gredi ya 2 na 3, unapiga nduru na kucheka. Kisha inatulia kwa kilomita kadhaa. Hapa weka kasia chini ufurahie miti na ndege. Ukibahatika utamwona mdiria akipiga mbizi kuvua samaki. Halafu mwishoni inabadilika kuwa gredi ya 4 na 5.

Hapo ndipo presha ya mbogi huanza. "Usiwe muoga bana, tunachukua video!" Tuseme ukweli: maji hayajali una wafuasi wangapi. Uliza kabla ya kulipa kama unaweza kushuka kabla ya sehemu hiyo. Mwambie kiongozi mapema, asubuhi, wakati bado hakuna anayekupigia makelele. Kushuka si aibu. Safari yako tayari imekamilika.

Je, lazima ujue kuogelea? La, lakini usifiche kwamba hujui. Jaketi ya kuokoa maisha ikubane vizuri. Ikivutwa mabegani isipande hadi masikioni. Helmeti nayo ifungwe. Mkono mmoja usiachilie kichwa cha kasia, la sivyo utamng'oa jirani meno.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele ikielekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji. Kamwe usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakusukuma kichwa chini, hata kama una jaketi.

Angalia pia msimu. Mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba hujaza mto, na wimbi lililokuwa dogo Februari laweza kuwa jambo lingine Aprili. Usisubiri anga la Nairobi likwambie. Maji hayo hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Piga simu uulize kiwango cha maji siku hiyo.

Na kampuni ikikujibu "usijali, twende tu" bila kukueleza lolote, rudisha pesa mfukoni. Mto utakuwa pale wikendi ijayo pia.