Darasa la kila wiki na sababu ya kupiga hodi

Baadhi ya kamati za usharika zimetuuliza kwa nini tunatilia mkazo vikundi vidogo vya kila wiki wakati ibada ya Jumapili ipo. Wafadhili nao huuliza kwa namna yao: watu kumi na wawili kukaa chini ya mwembe na kuzungumzia maisha na imani, hayo ni maendeleo gani? Tumeona tueleze kuanzia mwanzo wake.

Wamethodisti huviita vikundi hivi madarasa, na chanzo chake kilikuwa deni. Jumba lao la kwanza la ibada, lililoanza kujengwa mwaka 1739 mjini Bristol, Uingereza, lilikuwa halijalipiwa. Februari 1742 John Wesley alikutana na wenzake kutafuta namna ya kulilipa. Ikapendekezwa kila muumini atoe peni moja kwa wiki. Mmoja akapinga kwamba wengi ni maskini, hawataweza. Ndipo nahodha mmoja aitwaye Foy akasema apewe watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila wiki, na asiye na kitu atamlipia yeye mwenyewe.

Viongozi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, na huko wakaona mambo ambayo kanisani hayaonekani. Mmoja alimkuta muumini akigombana na mkewe, mwingine akamkuta mtu amelewa. Wesley akatambua kwamba kupiga hodi kuna thamani kuliko peni yenyewe. Tangu hapo kiongozi wa darasa alitakiwa kumwona kila mtu wake mara moja kwa wiki na kumwuliza hali ya roho yake. Baadaye, ili kuokoa muda, darasa zima likawa linakutana mahali pamoja.

Mpango huu si wa Wamethodisti peke yao. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao misheni yao Bagamoyo ilianza mwaka 1868, wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970.

Katika pwani yetu ugumu wa kwanza ni saa. Kamati hupanga, kwa mfano, Jumamosi saa nne asubuhi, kisha hulalamika kwamba akina mama hawaji. Lakini akina mama wanaolima mwani, kama wale wa Mlingotini, hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana saa hizohizo za asubuhi, na mwani haungoji. Wavuvi wa dagaa nao hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi hupumzika. Kwa hiyo jioni za mbalamwezi zinawafaa wote, na kurudi nyumbani hakuhitaji tochi. Wiki nyingine darasa lifuate maji, hata kama siku itahama. Kukiwa na msiba kwa jirani, na wengi wa majirani zetu hapa ni Waislamu, tunashauri darasa lote liende msibani. Kwa wiki hiyo hilo ndilo darasa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni fedha. Madarasa mengi siku hizi huunganishwa na kikundi cha kuweka na kukopa: sanduku lenye kufuli tatu, hisa kila wiki, faini ya kuchelewa. Sisi tunaunga mkono vikundi hivyo. Vimelipa ada za shule na kununua nyavu. Tatizo ni hisa kununuliwa mbele ya wote kabla ya Neno kusomwa. Mama ambaye wiki hiyo hakupata kitu huona haya, hubaki nyumbani, na wiki ya tatu hakuna anayemwulizia. Aliye na shida kuliko wote ndiye anayepotea kwanza, yaani yuleyule ambaye Foy aliomba apewe.

Kwa hiyo tunazishauri kamati zitenganishe mambo haya mawili. Darasa lisiwe na faini, na sanduku lifunguliwe baada ya sala ya kufunga, kwa wanaohusika tu. Posho ya kuhudhuria isitolewe, hata mradi ukiwa na fungu lake. Posho ikikoma, watu nao hukoma.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja. Yanayosemwa darasani hayaandikwi. Ugomvi wa nyumbani au ugonjwa wa mtu hauwezi kuwa kiambatisho cha taarifa ya robo mwaka. Kiongozi atunze daftari lenye safu mbili tu: waliokuja, na wasiokuja waliotembelewa kabla ya wiki kwisha. Kamati itume jumla za safu hizo pamoja na taarifa ya fedha. Safu ya pili ikiwa tupu kwa mwezi mzima huku ya kwanza ikipungua, mchungaji aende akaonane na kiongozi huyo, bila kusubiri kikao kijacho cha kamati.