Mafuta, Lehemu na Steroli: Maneno ya Chakula katika Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara, watu wengi wa vijijini hawakuzaliwa na Kiswahili. Nyumbani husikika Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na lugha nyingine za jirani. Lakini zahanati husema Kiswahili. Kwa hivyo neno la afya likiwa na maana mbili, apoteaye si mwanafunzi wa lugha tu. Huenda akawa mgonjwa.

Litazamwe kwanza neno mafuta. Watu husema mafuta ya alizeti, mafuta ya nyama, mafuta ya taa na mafuta ya kupaka, wala hapana atatizikaye, maana neno lifuatalo hutenga aina. Lakini mgonjwa aambiwapo, “Punguza mafuta,” hana njia ya kujua kama amekatazwa nyama iliyonona, samli, karanga, au vyote pamoja.

Kisha liko neno lehemu, lenye asili ya Kiarabu. Fundi wa bati hulitumia kwa madini yayeyushwayo ili kuungia vyuma. Siku hizi limepewa pia maana ya kolesteroli, kitu cha jamii ya mafuta kitengenezwacho na ini, tena kipatikanacho katika nyama, maziwa na mayai. Sitiari hiyo ina nguvu, kwani hudokeza kitu kigandacho ndani ya mishipa ya damu. Hata hivyo yaficha kwamba mwili hauwezi kuishi bila ya kolesteroli, na kwamba madhara hutokana na kuzidi kwake katika damu.

Mimea nayo ina vitu vyenye umbo la kukaribiana na kolesteroli, viitwavyo steroli. Vilivyo mashuhuri ni sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Mfasiri akiviita “lehemu ya mimea”, msikilizaji atadhani ni adui yule yule aliyebadili nguo. Kumbe kazi yake ni kinyume. Katika utumbo, steroli hushindana na kolesteroli kupata nafasi ya kufyonzwa, na ile iliyokosa nafasi hutoka pamoja na choo. Steroli zenyewe huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno. Jambo hili lilitangazwa kwa vifaranga mwaka 1951, na kwa wanadamu mwaka 1953. Gramu 2 kwa siku hupunguza ile iitwayo kolesteroli mbaya kwa kadiri ya asilimia 8 hadi 10.

Hapana budi kusema kweli yote. Chakula cha kawaida hutoa kadiri ya miligramu 200 hadi 400 tu kwa siku. Gramu 2 hupatikana kwa vyakula vilivyoongezwa steroli kiwandani. Wala haijathibitika kwamba steroli peke yake huzuia shtuko la moyo. Tena wako watu wachache wenye ugonjwa wa kurithi, ulioelezwa mwaka 1974, ambao miili yao hufyonza steroli kupita kiasi, hao zawadhuru.

Hata hivyo chakula cha wilaya hizi kina hazina yake: ulezi, mahindi, maharage, karanga. Katika mahindi, steroli zimo zaidi katika kiini na maganda, yaani sehemu ziondolewazo katika kukoboa. Hapa lugha ya soko imetangulia wataalamu, maana imekwisha kutenga dona na sembe. Ulezi nao aghalabu husagwa mzima, kwa udogo wa punje zake.

Basi yafaa istilahi zifuate njia hiyo hiyo ya kutenga. Neno mafuta lisisimame peke yake penye ushauri wa afya. Kitu cha mnyama kiitwe kolesteroli, na cha mmea steroli za mimea. Lehemu waachiwe mafundi wa bati. Mganga amwambiaye mzee wa Mugumu, “Punguza mafuta ya nyama, kula dona,” amesema maneno machache ambayo mzee aweza kuyatenda jioni ile ile.